Simu ya Mkononi na Pengo la Kupima
Mhadhara wa umma, Lushoto



Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 unaonyesha tulipokwama. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 ndio wanaojua hali zao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 wanatumia dawa. Na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 wamefubaza virusi. Lengo la dunia ni asilimia 95 kwa kila hatua. Dawa zinafanya kazi. Tumebaki nyuma kwenye kupima, na hapo ndipo mitandao ya kijamii inapohitajika zaidi.

Kuhusu nguvu ya vyombo vya habari, tunalo somo letu wenyewe. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye kisa cha Mkwaju, dereva wa lori aliyepata UKIMWI. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti wapate pa kulinganishia. Kwingineko wasikilizaji walipunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Kilichosaidia kuwabadilisha ni mazungumzo: mke na mume, rafiki na rafiki, waliendeleza wenyewe waliyoyasikia redioni.

Mazungumzo yanaweza pia kupotosha. Mwaka 2011 habari za kikombe cha Samunge, Loliondo, dawa iliyodaiwa kuponya UKIMWI, zilienea kwa magazeti, redio na simu, na wapo wagonjwa walioacha ARV.

Leo dereva anayeshusha kabichi na karoti za Lushoto hadi Dar es Salaam yumo kwenye vikundi vya WhatsApp. Hali kadhalika bodaboda wa Soni na mwanakwaya wa Mlalo. Vijana, waelezeni humo kwamba tangu 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima VVU. Kipo kipimo cha kinywani: unapitisha kijiti kwenye fizi, juu na chini, unakitia kwenye kichupa chenye maji ya kipimo, unasubiri dakika 20. Mistari miwili maana yake nenda kituo cha afya ukathibitishe. Waelezeni pia kwamba mtu aliyefubaza virusi hadi visionekane kwenye kipimo, na anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Lakini picha moja ya kadi ya kliniki ya VVU (CTC) ikirushwa kikundini, itafika Mtae kabla mwenye kadi hajafika nyumbani. Kesho yake hatarudi kliniki, na jirani yake aliyekuwa akijiandaa kupima ataghairi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, nasi tuilinde kwenye simu zetu. Mwenye swali zito aelekezwe kwa mtoa huduma au kwa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaoshauri wenzao, wazungumze faraghani.

Vijana, nawaomba: msisambaze tiba msiyoijua, msitaje jina la mtu. Leo hii mwandikie rafiki mmoja, mwende mkapime pamoja.