Vyombo vya Kazi Vina Mwenyewe

Masomo: 2 Wafalme 6:1-7, Kutoka 22:7-15, Kumbukumbu la Torati 24:6

 

Leo tunasema juu ya jambo linaloletwa mbele ya wazee wa kanisa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Fundi amepewa na patro wake mashine ya kukata chuma. Mashine imeungua. Patro anasema: lipa. Fundi anasema: imeungua katika kazi yako. Mshahara unashikwa, watoto wanarudishwa kutoka shule, na siku ya Jumapili wote wawili wanaimba katika kanisa moja bila kusalimiana.

Tuangalie wana wa manabii. Walikwenda Yordani kukata miti ili wajenge mahali pa kukaa. Mmoja alipokuwa akikata, chuma cha shoka kikachomoka na kuanguka majini. Akalia palepale, kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Sisi Wapentekoste tunapenda mwisho wa habari hii, chuma kuelea, na tunasema Haleluya. Lakini tusiruke yaliyotangulia. Kijana huyu hakungoja jioni. Hakuficha mpini kwenye kona ya depo ili atakayeushika kesho aonekane ndiye aliyeharibu. Elisha alipouliza chuma kimeangukia wapi, alionyesha mahali. Wala Elisha hakumtukana kwanza. Na muujiza huo ulifanyika kwa kusudi gani? Ili chombo cha mtu kirudi kwa mwenyewe! Elisha hakuomba deni lisahauliwe.

Basi ninyi mafundi, patro akijua habari ya mashine yake kupitia mdomo wa jirani, mmekwisha kuharibu neno lenu, hata kama hamna kosa.

Lakini ninyi mapatro, msishangilie haraka. Musa hakuandika kwamba kila kilichoharibika kinalipwa na aliyekishika. Katika Kutoka 22 anatenganisha mambo. Mtu akiazima mnyama, naye akaumia au kufa mwenyewe asipokuwapo, aliyeazima analipa. Mwenyewe akiwapo, halipi. Kama mnyama alikodishwa, hasara iko ndani ya ile kodi. Na kama mnyama wa kulindwa amekamatwa na mnyama wa porini, mlinzi anaonyesha mabaki, naye halipi. Ona jinsi Neno linavyouliza maswali kabla ya kudai franga: Nani alikuwapo? Kwa mapatano gani? Ushahidi uko wapi?

Tuliweke hilo kwenye shantye. Patro amesimama hapo, anaona mashine inatoa moshi, anasema endelea, tumalize leo. Deni hilo ni la nani? Fundi amepeleka mashine usiku kwenye kazi yake ya pembeni bila kuomba ruhusa, ikaungua huko. Hapo hatuna haja ya kufunga na kuomba siku tatu ili tujue nani analipa.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, haiko mbali na Musa. Mfanyakazi anapaswa kurudisha katika hali nzuri vitu alivyokabidhiwa, lakini halipi kwa kuchakaa kunakotokana na matumizi ya kawaida, wala kwa kitu kilichopotea bila kosa lake. Msumeno unakwisha meno kwa sababu unakata. Na sisi wa Bunia tunakumbuka mwezi wa tano wa 2003, jinsi nyumba na maduka yalivyoporwa. Nani angemdai mlinzi wa zamu nyundo zilizobebwa na wenye bunduki?

Kuna jambo lingine, na hapa tunasema kwa ukali. Wako mapatro wanaoshika vyombo vya fundi mwenyewe, randa yake, mwiko wake, pima-maji yake, mpaka deni liishe. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Seremala bila randa atalipa na nini? Atakopa, au ataacha mke na watoto aende kutafuta dhahabu Mongbwalu.

Tunawashauri jambo rahisi. Nunueni daftari. Asubuhi andikeni vyombo vinavyotoka, vya patro upande mmoja, vya fundi upande wa pili, na hali ya kila kimoja: waya umekatika, mpini umelegea. Jioni muandike vinavyorudi, wote wawili watie sahihi. Wengine wanasema daftari ni kutoaminiana kati ya ndugu. Hapana. Daftari linamlinda mdogo siku mkubwa anapokasirika.

Na kanisa lisijitoe. Wale wana wa manabii walikuwa wakijenga nyumba ya kazi ya Mungu, na shoka bado lilikuwa la mtu. Tunapojenga, ndugu wanaleta toroli, beleshi na ndoo zao. Mzee wa ujenzi aandike jina la mwenye kila chombo. Siku kazi inapokwisha, akirudishe mwenyewe mpaka mlangoni, kikiwa kimeoshwa, na kama kimevunjika aende na pesa ya kukitengeneza.