Uchovu wa Mama Usifanywe Desturi

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Yapo maradhi ambayo yakiingia katika nyumba, mtaa mzima hujua. Homa kali humlaza mtu kitandani, na kipindupindu huwakusanya majirani mlangoni. Upungufu wa damu hauna kishindo cha namna hiyo. Huingia polepole na kukaa na mwanamke miezi na miaka, naye huendelea kuchota maji, kulima, kupika na kubeba mimba. Akiulizwa anaumwa nini, hujibu kwamba haumwi, amechoka tu. Neno hilo dogo, "tu", ndilo linalostahili kuzungumzwa, maana nyuma yake wapo akina mama wengi wanaofikishwa kwenye matibabu wakiwa wamechelewa.

Ukubwa wa jambo hili si wa kubahatisha. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi uliofanywa Tanzania mwaka 2004-05 ulionyesha kwamba, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 48 walikuwa na upungufu wa damu. Mwaka 2010 idadi hiyo ilishuka hadi 40, na matumaini yakawa makubwa. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ukaonyesha kwamba imepanda tena hadi 45. Maradhi yanayowapata karibu nusu ya wanawake hayawezi kuitwa maradhi ya wachache. Ajabu ni kwamba wingi huo ndio unaoyaficha. Pale ambapo mama, dada na jirani wote wamechoka kwa namna moja, uchovu huonekana kuwa ndiyo hali ya kuwa mwanamke.

Kwa hakika uchovu huo una sababu yake. Ndani ya chembe nyekundu za damu imo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Mwili hauwezi kuitengeneza bila madini ya chuma. Mama mjamzito akipimwa na kuonekana ana chini ya gramu 11 za hemoglobini katika desilita moja ya damu, huhesabiwa kuwa ana upungufu. Asiye mjamzito kipimo chake ni gramu 12. Mimba moja huhitaji takriban gramu 1 nzima ya madini ya chuma, nayo mara nyingi hudaiwa kutoka katika mwili ambao bado haujalipa deni la mimba iliyotangulia. Malaria huvunja chembe za damu. Minyoo ya safura huifyonza tumboni. Hedhi nzito huimwaga kila mwezi. Aidha, wapo wenye ugonjwa wa kurithi wa selimundu, ambao huhitaji matibabu ya aina nyingine kabisa.

Ni kosa kudhani kwamba wananchi hawajui lolote katika jambo hili. Lugha yenyewe inashuhudia kinyume. Neno "safura" lilikuwapo kabla ya darubini za hospitali kufika vijijini, nalo liliunganisha minyoo, weupe wa macho na kukosa nguvu. Bibi wa kijijini humfunua binti kope, akatazama viganja na ulimi, kisha akasema kwamba damu imepungua. Na mara nyingi husema kweli. Huko Pemba, utafiti uliofanywa kwa wanafunzi katika miaka ya 1990 ulithibitisha kwamba minyoo hiyo ya safura ni sababu kubwa ya upungufu wa madini ya chuma. Wataalamu walilikuta jambo ambalo wenyeji walikuwa wamekwisha kulipa jina.

Lakini pamoja na ujuzi huo yapo mawazo yanayomrudisha mama nyuma. La kwanza ni lile la rangi. Wengi huamini kwamba chochote chekundu huongeza damu: juisi ya rozela, bitiruti, hata soda nyekundu. Rangi si madini. Rozela ina faida yake, kwa kuwa uchachu wa aina hiyo, kama ule wa limao na chungwa, huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha. Soda haina faida hiyo. Dagaa na maini, ambayo hayana rangi ya kuvutia, hushinda vyote hivyo. Na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo yasiingie mwilini, hata kama mboga ilikuwa nzuri namna gani.

La pili ni udongo. Katika masoko mengi huuzwa udongo wa kutafuna, na mjamzito anayeutamani huchekwa au huachwa, kwa kuwa husemwa kwamba ndiyo tabia ya mimba. Imeonekana kwamba hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma. Kumbe mama huyo anatoa habari za mwili wake hadharani, wala hapana anayezisoma. Dalili ya mvua ni mawingu.

La tatu linahusu vidonge vya damu vinavyotolewa kliniki. Husemwa kwamba hukuza mtoto tumboni mpaka uzazi ukawa mgumu. Mama husikia hayo kwa mama mkwe, kisha huona mwenyewe kichefuchefu na choo cheusi, akakata shauri kwamba vidonge vinamdhuru. Choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza madini ya chuma, na kichefuchefu hupungua vikimezwa pamoja na chakula. Mtoto hakuzwi na vidonge hivyo kupita kiasi. Hatari iliyopo ni ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, kwa sababu mama hakuwa na damu ya kutosha. Tena chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, kwa hiyo damu haijengwi kwa juma moja. Anayeviacha baada ya siku 5 kwa kuwa hajaona nafuu ameiacha safari mwanzoni.

Kutokana na mawazo hayo, njia ya kuelekea kwenye tiba huwa ndefu. Kwanza mama hujinyamazia. Kisha hupewa majani ya kuchemsha. Baadaye hununuliwa chupa ya dawa ya kuongeza damu dukani, bila kupimwa. Zahanati huja mwisho, pale anapozimia shambani, au miguu inapovimba na moyo kwenda mbio. Na kwenda huko hakutegemei hiari yake peke yake: nauli iko mfukoni mwa mume, na kazi za nyumbani hazina wa kumpokea. Akifika, pengine huambiwa kwamba kipimo hakipo, au hutazamwa macho na kupewa vidonge bila maelezo. Mama aliyerudishwa hivyo mara moja hataharakisha kurudi. Basi si haki kumlaumu kwa kuchelewa bila kuihesabu na sehemu ya waliomchelewesha.

Madhara ya kuchelewa huonekana siku ya kujifungua. Mwanamke mwenye damu ya kutosha akipoteza nusu lita anaweza kustahimili. Aliyeingia chumba cha uzazi akiwa na gramu 6 hana akiba. Kiasi kile kile kinaweza kumwua. Hapo ndugu hukimbizana kutafuta mtu wa kutoa damu usiku wa manane, ilhali miezi 9 yote ilikuwapo ya kuijenga damu yake mwenyewe.

Nchi hii imewahi kuonyesha kwamba mazoea hubadilika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vikachimbwa vijiji kwa vijiji. Kila choo kilichochimbwa kilikuwa pia kinga ya safura. Zipo na hatua za baadaye: kanuni za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani utiwe madini ya chuma. Hata hivyo unga wa familia nyingi za vijijini husagwa kwenye mashine ndogo ya jirani, ambako agizo hilo halifiki kwa urahisi. Kwa hiyo kanuni peke yake haitoshi; hapana budi elimu iifuate mpaka jikoni.

Mwalimu ana nafasi ambayo mganga hana: humwona msichana kila siku. Anayesinzia darasani, anayeshindwa kukimbia na wenzake, anayetafuna udongo au chokaa, asihesabiwe kuwa mvivu kabla hajapelekwa kupimwa. Bustani ya shule, choo safi na viatu miguuni ni masomo ya damu kama yalivyo masomo ya usafi. Mtumishi wa umma naye, aliyekabidhiwa mipango na fedha za wilaya, ahakikishe kwamba kipimo cha wingi wa damu na vidonge havikosekani katika zahanati ndogo kabisa, na kwamba kila mama anaambiwa namba yake kwa lugha anayoielewa. Mama anayejua kwamba mwezi uliopita alikuwa na gramu 8, na sasa ana 10, hatahitaji kubembelezwa ameze vidonge. Na akina baba waitwe kliniki wasikie namba hiyo, ili nauli itoke kabla ya hatari.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa maradhi haya ni lile neno "tu". Mwanamke akisema amechoka tu, basi anayemsikia, awe mume, mwalimu au mganga, amwulize swali moja: damu yake ilipimwa lini?