Kabla Hatujamvika Mgonjwa Miwani

Mada ya semina kwa watoa huduma za afya ya akili wa ukanda wa machimbo, Mwadui



Nimeombwa nizungumzie miwani ya uhalisia pepe kama burudani na nafuu ya msongo kwa wagonjwa waliolazwa wodi za akili. Nisiwaweke roho juu: naiunga mkono. Ila naiunga mkono kwa sharti kwamba tutakachomwonyesha mgonjwa kichaguliwe na watu wanaomjua anatoka wapi. Mtoto wa Nyarugusu au Maganzo hatulizwi na kila kinachomtuliza mtu wa Ulaya.

Ushahidi upo, tusiubeze. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kutibu hofu ya vimo kwa njia hii. Huko Uholanzi, Wim Veling na timu yake walijaribu programu ya VRelax kwa wagonjwa 50, wakiwamo wenye sonona na wenye saikosisi, na mwaka 2021 wakaeleza kwamba kutazama mandhari kwa miwani kulishusha hisia mbaya za papo hapo kuliko mazoezi ya kawaida ya kutuliza mwili. Papo hapo, nasisitiza. Hatuzungumzii mbadala wa dawa kama haloperidoli. Kisha mwaka 2022 Daniel Freeman wa Oxford na wenzake walitoa matokeo ya gameChange, utafiti wa wagonjwa 346 wenye saikosisi wanaoogopa kutoka nje. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na hali mbaya zaidi.

Hapo penye gameChange natua kidogo. Mgonjwa huvikwa miwani akajikuta mtaani, dukani, ndani ya basi, kwenye mkahawa. Ni mambo ya Uingereza hayo: watu wametulia, kila mmoja na kiti chake. Mtu wetu anayeogopa kutoka anaogopa stendi ya Shinyanga, makonda wakimvuta mkono huku na huku, Hiace iliyojaa ikidaiwa ina nafasi ya wawili. Programu isiyo na makonda haijamfundisha kitu.

Sasa tuje kwenye lile linalonitia wasiwasi zaidi, ambalo katika vitabu vya maelekezo ya mitambo hii sijaliona. Miwani inapovalishwa, sifongo yake hubana kuzunguka macho na mwanga wote wa wodi hukatika. Kabla picha haijaja, kuna giza. Ni sekunde chache tu. Kwa mgonjwa wa kawaida si kitu. Kwa aliyewahi kufukiwa duarani, yaani ndani ya shimo la machimbo, sekunde hizo zinatosha kabisa kumrudisha kule chini. Mnakumbuka Nyangarata, Kahama, mwaka 2015: wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wamekula mende na mizizi. Wale taifa zima liliwajua. Wapo wengi waliofukiwa saa tatu au usiku mmoja, wakatolewa na wenzao kwa mikono, kesho yake wakashuka tena, na hakuna gazeti lililoandika. Huyo akiletwa wodini miaka mitano baadaye kwa pombe na kukosa usingizi, faili lake halisemi habari ya duara kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza uko hivi. Muuguzi amuulize kwanza kazi aliyokuwa akifanya, na kama aliwahi kunaswa au kufukiwa. Miwani iwashwe na picha iwe tayari inaonekana ndipo mgonjwa aisogeze usoni mwenyewe, kwa mikono yake, bila kufunga mkanda kichwani mara ya kwanza. Aambiwe kwamba akiitoa imetoka, hakuna wa kumkatalia. Na zile filamu za mapango na kina cha bahari, zinazoletwa ndani ya kifurushi kana kwamba kila mtu anazipenda, zifutwe kabla kifaa hakijafika wodini.

Badala yake tuweke nini? Kamera ya kurekodi pande zote siku hizi si ya ajabu. Tupige picha za ziwa pale Mwanza asubuhi, mitumbwi ikirudi. Tukarekodi ngoma za sikukuu ya Bulabo pale Bujora, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana, tukamweke mgonjwa katikati ya duara la watazamaji. Wacheza bugobogobo wakirusha majembe, atatikisa bega hata kama hajasema neno wiki nzima. Mzee wa Kishapu pengine atataka tu ng'ombe wakirudi boma jioni. Tumuulize.

Tahadhari za kitabibu ni nyingi. Nitaje zinazotuhusu sana. Kliniki zetu za akili ndizo hizo hizo zinazowahudumia wenye kifafa, na picha zinazomwekamweka zinaweza kumwamshia degedege mwenye aina fulani ya kifafa. Mwenye kifafa asivikwe bila daktari kuridhia. Anayesikia sauti au kuona watu wasiokuwepo asipewe filamu yenye watu wanaomkodolea macho. Mandhari tupu yanatosha, na akiwa katika hali kali aachwe kabisa. Sifongo ifutwe kila baada ya mtu mmoja: mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalivyotuzungusha nchini, kila mmoja wetu anakumbuka.

Halafu kuna zebaki. Mchomaji wa dhahabu anayetetemeka mikono, mkali bila sababu, halali, anasahau, anaweza kuonekana ana msongo tu. Tukimpa miwani akatazama ziwa, atatulia nusu saa kisha arudi kwenye moshi ule ule wa zebaki. Huyo anahitaji kupimwa na kutolewa kwenye sumu. Burudani isitumike kuficha ugonjwa tulioshindwa kuuulizia.

Na tusijifanye burudani wodini inaanza na umeme. Lutindi, kule milimani Korogwe, wagonjwa wamekuwa wakishika kazi za mikono na bustani tangu zamani, na hospitali yenyewe ni ya mwanzo wa karne ya 20, kabla ya hospitali ya Mirembe iliyofunguliwa 1927. Bao moja chini ya mwembe, kete zake zikiwa zimetimia 64, linahudumia wagonjwa wawili wanaocheza na sita wanaobishana. Miwani humhudumia mmoja, naye yuko peke yake. Ndiyo maana nasema iwe ya yule asiyeweza bado kutoka: aliyelazwa jana, anayeogopa kelele, anayesubiri uchunguzi. Wodi isiyo na bao wala mpira isianze na miwani.

Bei si kikwazo kama tunavyodhani. Miwani ya Quest 3S ilipotoka mwaka 2024 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 299. Kifaa kimoja, wodi moja, filamu zetu wenyewe, na daftari la kuandika nani alivaa, kwa dakika ngapi, alisema nini alipoivua. Dakika kumi zinatosha kwa kuanzia. Wengine watahisi kichefuchefu kabla ya hapo.

Linalobaki kwa majadiliano ni la kiutawala, na ndilo hukwamisha vifaa vingi. Miwani hii itawekwa kwenye kabati, kabati litafungwa, ufunguo atakuwa nao mkuu wa wodi, na mkuu wa wodi ana likizo na semina kama hii. Naomba kila kundi lituambie ufunguo wa pili atakaa nao nani zamu ya usiku.