Mama, Umepika Nini Asubuhi Hii? Kifungua Kinywa cha Jorodom

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA TARATIBU NA KUBAKI CHINI)

MTANGAZAJI: Kipindi chetu cha utalii wa ndani leo kiko Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Ukitazama juu unauona Mlima Hanang, wa nne kwa urefu katika Tanzania, mita zaidi ya 3,400 kutoka usawa wa bahari. Wageni wengi wanaofika hapa wanajua jina moja tu, Jorodom, kwa kuwa njia inayopandiwa zaidi kwenda kileleni inaitwa hivyo. Wanashuka kwenye basi jioni, wanalala gesti, alfajiri wanaianza njia wakiwa na biskuti na mkate wa dukani kwenye begi. Jioni wanarudi hoi, kesho yake wanaondoka. Jorodom wameikanyaga, lakini hawajaketi na mtu anayeishi Jorodom hata kwa kikombe cha chai.

Leo kileleni hatupandi. Tunaingia jikoni kwa akina mama wanaoishi chini ya mlima huu, tuwaulize kila mmoja: mama, umepika nini asubuhi hii?

(SAUTI: JOGOO ANAWIKA. KUNI ZINAVUNJWA. MLANGO WA BATI UNAFUNGULIWA)

MTANGAZAJI: Hodi hapa!

MAMA WA CHAPATI: Karibu, karibu ndani, baridi hiyo isikumalize.

MTANGAZAJI: Shikamoo mama.

MAMA WA CHAPATI: Marahaba baba. Sogea hapa karibu na moto.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, Katesh ina baridi. Mwezi Juni na Julai unaweza kudhani umefika nyanda za baridi za Makete. Jikoni kwa mama huyu kuna mafiga matatu na sufuria ya chai ya maziwa inayochemka, na juu ya kibao kuna madonge ya unga yamefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Unga wenyewe si ule mweupe wa pakiti. Una rangi ya udongo na pumba zake zimo. Mama, unga huu umenunua wapi?

MAMA WA CHAPATI: Sijanunua. Ngano ni ya shambani kwetu, naipeleka mashineni inasagwa yote pamoja na ganda lake. Sasa unga huu unakunywa maji sana. Ukiukanda mkavu, chapati ikipoa inakuwa ngumu, unaitafuna mpaka taya linauma. Mimi naukanda laini, naufunika, nauacha upumzike muda mrefu kuliko ule wa dukani.

MTANGAZAJI: Na mafuta?

MAMA WA CHAPATI: Alizeti. Hapa na kwa jirani zetu wa Singida, alizeti ndiyo mafuta yetu.

(SAUTI: DONGE LINASUKUMWA KWENYE KIBAO. CHAPATI INATUA KWENYE KIKAANGO)

MTANGAZAJI: Anasukuma donge mpaka liwe duara pana, anapaka mafuta kwa vidole, analikunja liwe ukanda mrefu, kisha anauzungusha ukanda huo kama konokono. Anauacha kidogo, halafu anasukuma tena. Hapo ndipo tabaka zinapopatikana. Kikaango kikipata moto sawasawa, chapati inatua kavu kwanza, upande mmoja na wa pili, ndipo mafuta yanafuata. Mama anasema akianza na mafuta inaiva juu na ndani inabaki mbichi.

MAMA WA CHAPATI: Na anayepanda mlima ataila saa sita huko juu, imeshapoa. Kwa hiyo najua lazima iwe laini tangu hapa chini. Namfungia tatu na maharage makavu yasiyo na mchuzi. Huyo anafika.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, sikia huyo! Hicho ndicho chakula kilichopikwa na mtu anayeujua mlima.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Ngano ya Hanang ina historia, na si vizuri kula chapati hizi bila kuijua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Canada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu. Shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, likawa na mashamba saba, kila moja lenye ekari 10,000 hivi, yanalimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine kubwa. Majina yake bado yanatajwa huku: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd, Warret.

Nchi ikapata ngano. Lakini tambarare zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Watatoga, ambao walikuwa na majira yao ya kuhamisha ng'ombe kutoka eneo hadi eneo, na makaburi ya wazee wao yalikuwa humo humo. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa shirika. Nasema haya kwa sababu mtalii anayepiga picha ya shamba la ngano lililokomaa, akasifia uzuri wake, anastahili kujua nani alikuwa akichunga hapo kabla ya trekta. Kutwaliwa kwa malisho yale mimi naona ni dhuluma, na miaka iliyopita haijaipunguza.

Sasa twende kwa bibi wa maziwa.

(SAUTI: NG'OMBE, NDAMA, MAZIWA YANAMIMINIKA KWENYE CHOMBO)

MTANGAZAJI: Shikamoo bibi.

BIBI WA MAZIWA: Marahaba mjukuu wangu. Umeamkaje?

MTANGAZAJI: Salama bibi. Nimekuja kuuliza, asubuhi hii umeandaa nini?

BIBI WA MAZIWA: Uji wa mtama na maziwa. Ningekupa nini kingine?

MTANGAZAJI: Bibi ameshika kibuyu kirefu kilichong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Anakisafisha kwa maji ya moto, kisha anachukua kijinga chenye kaa jekundu, anakiingiza ndani na kukisugua kwenye kuta za kibuyu mpaka moshi unatoka mdomoni. Halafu anakung'uta majivu. Maziwa yanayolala humo yanaganda taratibu na kupata harufu ya moshi. Mtu wa mjini akinywa mara ya kwanza hukunja uso. Akirudia ya pili, anaomba kikombe kijazwe.

BIBI WA MAZIWA: Uji unaukoroga kwanza kwa maji ya baridi, usije ukafanya mabonge. Ukiiva unauepua. Maziwa ya mgando hayaendi motoni, yatakatika. Unayaweka uji ukiwa chini, umepunguza ukali.

MTANGAZAJI: Na sukari?

BIBI WA MAZIWA: Sukari ya nini? Tia chumvi kidogo.

MTANGAZAJI: Chumvi nayo ina kwao. Chini ya mlima huu, upande wa kaskazini, kuna Ziwa Balangida, ziwa la maji ya chumvi. Kiangazi maji yakirudi nyuma, ardhi inabaki nyeupe, na kwa vizazi watu wamekusanya chumvi pale, ya kupikia na ya kulambisha mifugo. Ukiwa kileleni siku isiyo na ukungu, weupe ule unauona chini yako. Ila sasa utakuwa umeshauonja.

Na katika nyumba nyingi za Katesh leo, chapati ya ngano na maziwa ya kibuyu vinakutana kwenye mkeka mmoja. Wairaqw, Wabarabaig, Wanyaturu na Wanyiramba wameoana, wamekuwa majirani, wanapelekeana vyombo asubuhi. Kuna nyumba nilikunywa maziwa ya kibuyu yaliyoletwa na jirani Mbarabaig, kwa chapati ya mama Mwiraqw, na chombo kilirudi kwa mwenyewe kikiwa na chapati ndani. Hakuna anayerudisha chombo kitupu.

(MUZIKI MFUPI. SAUTI YA JEMBE LINAGONGWA KUONDOA UDONGO)

MTANGAZAJI: Nyumba ya tatu ilitaka subira. Mama mwenye nyumba aliponiona tu na kinasa sauti alimwita mtoto akimbie dukani kununua mkate. Nikamwambia, mama, tafadhali, nataka mnachokula ninyi.

MAMA WA KIPORO: Hiki si cha wageni. Ni kiporo.

MTANGAZAJI: Ndicho hasa nilichokifuata. Ugali wa jana usiku, unakatwa vipande vinene na kuwekwa pembeni ya makaa mpaka unafanya ganda la kahawia. Nje unavunjika, ndani ni moto na laini. Pembeni kuna viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, na chai ya rangi yenye tangawizi iliyopondwa. Mama anaenda kupalilia, hatakula tena mpaka mchana.

MAMA WA KIPORO: Mkate wa dukani unaula, ukifika shambani njaa imekutangulia. Hiki kinakaa.

MTANGAZAJI: Akina mama wengi wa vijijini wana aibu na kiporo. Mgeni akija wanakificha, wanatoa senti za mwisho kununua mkate mweupe. Ndugu msafiri, kazi ya kuondoa aibu hiyo ni yako. Kula kwa furaha, sifia, omba kingine. Nimekula vifungua kinywa vya hoteli zenye nyota, na ugali ule wenye ganda, na chai ile ya tangawizi, naviweka juu ya vyote.

(KIMYA KIFUPI. MUZIKI UNAINGIA CHINI SANA)

MTANGAZAJI: Huwezi kuzungumzia asubuhi za hapa ukairuka moja. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, saa ambayo mama wa Kitanzania anawasha moto, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Mvua ilikuwa kubwa, miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vikafuata mkondo wa mto Jorodom na kuingia katika makazi, Jorodom, Gendabi, Ganana, hadi mji wa Katesh wenyewe. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Soko lilifunikwa, majiko yakaondoka na nyumba zake. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya Dubai na kuja hapa.

Shule ziligeuzwa kambi, na siku zile watu walikula vyakula vilivyopikwa kwa pamoja kwenye masufuria makubwa, kwa michango iliyotoka kila pembe ya nchi. Baadaye serikali ilijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Warret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Huko nako leo asubuhi kuna moto umewashwa.

Mgeni, usiwaulize wenyeji habari hizo kama unauliza habari za mchezo. Atakayetaka kukusimulia atakusimulia mwenyewe. Ukipita kwenye makorongo yenye mawe makubwa, vua kofia.

(MUZIKI UNAPANDA, UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Sasa mambo ya safari. Barabara ya lami kutoka Babati hadi Singida inapita hapa Katesh, basi linakushusha mjini. Mlima uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwa hiyo kibali na mwongozaji vitafute siku moja kabla ya kupanda. Njia ya Jorodom watu wengi huipanda na kushuka siku hiyo hiyo, na ni siku ndefu yenye mteremko mkali. Maji ya kutegemea huko juu hakuna, beba ya kutosha tangu chini.

Na chakula: jioni ile unapopanga na mwongozaji, mwambie akupeleke kwa mama anayepika, nyumbani kwake au kwa jirani. Agiza mapema, kwa sababu unga unakandwa usiku na maziwa hayagandi kwa dakika moja. Sema unataka chapati za unga wa mashine, maharage makavu, uji wa mtama na maziwa ya kibuyu, na kama kuna kiporo kisifichwe. Kubaliana bei kabla ya kula, lipa taslimu mkononi mwa mama mwenyewe, usimpunje kwa sababu hana ubao wa bei ukutani.

Fika kwake saa 11 alfajiri. Atakuwa ameshaamka.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)