Povu Juu ya Kidonda

Leo tunazungumzia kidonda kisichofunga, hasa kile cha mguu wa mwenye kisukari: miezi mitatu kinasafishwa na kufungwa bandeji, na bado kibichi. Mara nyingi kinakosa oksijeni.

Hewa inakipiga kidonda hicho, nayo ina oksijeni asilimia 21. Vipi basi kikose oksijeni? Ya hewani haizami. Hata nusu milimita ya ngozi haiivuki. Iliyobaki huletwa na damu, na kwa mgonjwa wa kisukari mara nyingi mishipa imeziba. Oksijeni ikipungua, chembe nyeupe za damu hukosa silaha ya kuulia bakteria, na mwili hushindwa kusuka kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia nyama mpya.

Wengi wetu hukimbilia haidrojeni peroksaidi. Ukiimimina, povu hilo! Mtu anaridhika kwamba dawa inafanya kazi. Na kweli povu lile ni oksijeni, inayofunguliwa na kimeng'enya kiitwacho katalesi kilichomo katika damu na nyama. Lakini hutoka kwa mkupuo na kupotelea hewani, huku dawa ikiunguza chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda. Tafadhali, usiifanye ya kila siku.

Watafiti wameichukua kemia hiyohiyo, wakaipunguza mwendo. Kuna unga wa kalsiamu peroksaidi: ukilowa, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Huufungia ndani ya jeli, pengine pamoja na katalesi, ili peroksaidi igeuke maji na oksijeni kabla haijadhuru. Oksijeni huendelea kutoka kwa siku kadhaa.

Mimi kilichonivutia zaidi ni kiraka cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nanjing, China, mwaka 2020. Ndani ya jeli yake waliweka bakteria hai, Synechococcus elongatus, wanaotengeneza oksijeni wakipata mwanga, kama jani la mti. Vidonda vilipona haraka kuliko vilivyopewa oksijeni ya gesi, kwa kuwa hii ilikwisha kuyeyuka majini, ikapenya ngozi kwa urahisi.

Ila walikuwa panya wenye kisukari, si binadamu. Wewe mwenye kidonda leo, nenda kliniki: sukari ishushwe, nyama iliyokufa iondolewe, kidonda kisikanyagiwe. Na mapigo ya mishipa ya mguu yapimwe mapema, maana mshipa mkubwa ukiwa umeziba, kazi ya kwanza ni kuuzibua.