Mti wa Mjini Hauna Budi Kuwa na Mwenyewe

(Haya ndiyo maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa tawi letu, mjini Dar es Salaam. Mhariri ametuomba tuyaandike ili wale wasiohudhuria nao wayapate.)

 

Leo hatukuja kuzungumza habari za kura wala za michango. Tumekuja kuzungumza habari za mwembe huu tuliokaa chini yake. Sasa ni saa nane, jua la utosi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mwavuli. Hatukukodi ukumbi. Hatukulipa hata senti moja. Mtu aliyepanda mwembe huu amekwisha kufa, na jina lake halikumbukwi hata na wazee walio hapa, lakini leo ametukaribisha sote.

Basi geuzeni macho mtazame kule pembeni, karibu na mfereji. Juma lililopita yalionekana mawe mawili mapya ya mipaka, saruji yake bado nyeupe. Hatumshtaki mtu. Lakini kila mzee wa mtaa huu anajua kwamba kiwanja hiki ni cha wote: hapa watoto hucheza, hapa huwekwa maturubai ya arusi, hapa ndipo tunapowaaga maiti wetu. Na hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Mali ya wote ikikosa mlinzi hugeuka mali ya mmoja.

Wako watakaosema: mji ni nyumba na barabara, miti ni mambo ya shamba. Twawajibu hivi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa Dar es Salaam ina watu wapatao 273,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu zaidi ya milioni 5.3. Watu wote hao wanataka mahali pa kulala, na ni haki yao. Lakini saruji na lami hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku, ndiyo sababu mtoto halali, na mama humpepea mpaka alfajiri. Mti haufanyi hivyo. Mti hukinga jua lisifike chini, na tena majani yake hutoa mvuke wa maji ambao hupoza hewa. Aliye na mti mlangoni pake hahitaji kuelezwa zaidi.

Tena tutazame maji. Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha katika mji huu, bonde la Msimbazi likafurika, na watu zaidi ya arobaini wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba miti peke yake ingaliyazuia mafuriko yale. Kusema hivyo ni kudanganya. Lakini ardhi iliyofunikwa saruji hainywi maji, na ardhi yenye mizizi na nyasi huyanywa. Kila kiwanja tunachokifunika chote, maji yake tunamsukumia jirani aliye bondeni. Na jirani huyo, mara nyingi, ndiye maskini kuliko sisi. Basi habari hii ya miti si habari ya mapambo. Ni habari ya haki.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe. Tulipokuwa chuo cha ualimu, palitangazwa siku ya kupanda miti. Mgeni wa heshima alikuja, ngoma ikapigwa, kila mwanachuo akapewa mche wake, picha zikapigwa. Siku ile tulijiona tumefanya kazi kubwa. Jioni tulikunja majembe, na hakuna aliyeambiwa nani atamwagilia maji kesho. Mbuzi wakala yao, na kiangazi kikala iliyobaki. Tulipomaliza masomo, tulihesabu miti iliyo hai kwa vidole vya mkono mmoja. Tulikuwa walimu watarajiwa, na mbuzi ndio waliotufundisha: kupanda ni kazi ya siku moja, kutunza ni kazi ya miaka.

Wala si sisi tu. Jirani zetu wa Kenya walipata somo hilo hilo. Mwaka 1977 Bi Wangari Maathai na wenzake waliandamana mjini Nairobi hadi bustani ya Kamukunji, wakapanda miti saba. Mingi katika hiyo haikuishi. Lakini hawakukata tamaa. Waliwaendea akina mama wa vijijini, wakawafundisha kuotesha miche wenyewe, na mama hakulipwa kwa kupanda tu, bali kwa mche ulioshika na kukua. Hapo ndipo kazi ilipopata nguvu.

Tena mwaka 1989 ukaja mpango wa kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo watu wa Nairobi wasio na bustani zao hupumzika. Na aliyetaka kujenga alikuwa nani? Alikuwa chama kilichokuwa kikitawala, pamoja na gazeti lake. Tunalisema neno hili katika mkutano wa chama, na tunalisema kwa makusudi. Chama kinachosahau kwamba uwanja ni wa wananchi kimesahau sababu ya kuzaliwa kwake. Bi Wangari aliandika barua kwa wakubwa wa nchi yake na kwa mataifa ya nje. Alitukanwa bungeni, jumuiya yake ikafukuzwa katika ofisi zake. Lakini waliokuwa watoe fedha walirudi nyuma, na jumba halikujengwa.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya msitu wa Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya Nairobi, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu wa kujenga nyumba. Januari 8, mwaka 1999, Bi Wangari na wenzake walikwenda kupanda mti langoni. Walishambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Agosti mwaka ule ule Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama yule alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011, na msitu wa Karura upo.

Tunawaeleza haya si kwa kuwa tunataka mtu apasuliwe kichwa. Tunayaeleza ili mjue kwamba msitu ule haukuokolewa na mti uliopandwa, bali na watu waliokataa kuondoka.

Basi sisi tufanye nini? Twaleta mambo manne, mkutano uyaamue.

Kwanza, kesho asubuhi wazee watatu na akina mama watatu waende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa ardhi wa manispaa, waombe kuonyeshwa ramani ya mipango miji ya mtaa wetu. Waende kwa adabu, na wasirudi bila jibu. Katiba yetu, ibara ya 27, yasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Imesema wajibu. Haikusema hisani. Na mtu yeyote asing'oe mawe yale. Aliyeyaweka kwa haki ataonyesha karatasi zake, na aliyeyaweka kwa ujanja tusimpe sababu ya kutupeleka polisi.

Pili, masika yakianza, tupande. Tusipande mia, tupande ishirini. Na kila mti upewe nyumba itakayoutunza, jina la nyumba hiyo liandikwe katika daftari la tawi. Mti wa mjini usio na mwenyewe ni chakula cha mbuzi.

Tatu, tuchague kwa akili. Mwarobaini huvumilia ukame, mwembe hutoa kivuli na chakula, mkungu hukua upesi na kutandaza matawi. Usipande mti mkubwa chini ya nyaya za umeme wala juu ya bomba la maji, wala usiuegemeze ukutani. Shimo liwe pana, na samadi ichanganywe na udongo. Uzio wa fito uwekwe siku hiyo hiyo, si kesho. Maji tuliyooshea mchele na mboga yasimwagwe barabarani, yapewe mti. Kuna nyumba ipi hapa isiyoosha mchele?

Nne, tusiwaite wapiga picha siku ya kupanda. Tuwaite baada ya mwaka mmoja, tuhesabu mbele yao. Ikiwa hai kumi na minane, tutapiga ngoma. Ikiwa hai minne, tutasimama hapa hapa tuseme minne, na kila nyumba ijieleze.

Ndugu wananchi, wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini kivuli nacho ni lazima kiwe na mtu aliyekichumia. Sisi leo tunakula cha mtu tusiyemjua jina. Wajukuu wetu wakikaa hapa, wasije wakauliza nani alikiuza kiwanja hiki, na wakaambiwa ni sisi, kwa kunyamaza.

Wanaokubali mambo haya manne wanyooshe mikono. Na wale sita wa kwenda kesho, wajitokeze sasa hivi, kabla kivuli hakijasogea.

Uhuru na kazi!