MGENI ALIYEPEWA JEMBE: MJI WA KAHAMA NA WATU WAKE

(Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo)





Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya haki na amani katika mji wetu. Tumeona afadhali tusianze na maneno makubwa, bali tuanze na nyumba moja ya kupanga, kama zile mnazozijua Nyasubi, Malunga, Nyihogo na Majengo. Vyumba vyatazamana, katikati pana ukumbi mwembamba, na uani kuna bomba moja na choo kimoja. Chumba cha kwanza anakaa fundi cherehani kutoka Kigoma. Cha pili ni cha dereva wa lori anayekwenda mpakani Rusumo. Cha tatu anakaa mama muuza mchele, Msumbwa wa Ushetu, pamoja na wanawe. Cha nne wamo vijana wawili waliotoka machimboni Kakola. Mmoja huenda msikitini, mwingine kanisani kwetu, mwingine kwa ndugu zetu wa AIC. Uani wanasema Kiswahili, chumbani kila mmoja lugha ya kwao. Swali letu la leo ni hili: kati ya hao, ni nani mtu wa Kahama?

I. TUONE

Nchi hii ni ya Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma, wakulima na wafugaji wa tangu zamani. Lakini kupokea wageni si jambo jipya kwetu. Misafara ya biashara ilipita humu kabla ya ukoloni. Mapadre Weupe walifika Ushirombo mwaka 1891. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, Isaka ikawa kituo, na baadaye bandari kavu ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Pamba na mpunga vilileta wanunuzi na wenye maduka.

Kisha ikaja dhahabu. Huko Geita dhahabu ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani, na mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi hadi miaka ya 1960. Kwetu Kahama, wachimbaji wadogo walijaa Bulyanhulu. Mwezi wa Agosti mwaka 1996 waliondolewa kwa amri ya Serikali, wao na familia zao, ili eneo hilo lipewe kampuni. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ukafunguliwa mwaka 2001. Mwaka 2009 ukaanza mgodi wa Buzwagi, kilometa chache tu kutoka mjini, katika kata ya Mwendakulima. Mwaka huohuo maji ya Ziwa Viktoria, yanayovutwa kutoka Ihelele wilayani Misungwi, yalizinduliwa rasmi kwa ajili ya miji ya Shinyanga na Kahama.

Penye kazi, barabara na maji, watu huja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 242,000 katika Halmashauri ya Mji wa Kahama. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 453,000. Katika miaka kumi tumekaribia kuwa maradufu. Mwaka 2021 mji ukapandishwa kuwa Manispaa. Na mwaka huohuo, ndugu zangu, mgodi wa Buzwagi ukaacha uzalishaji. Ushuru wa huduma ambao mgodi hulipa kwa halmashauri, yaani sehemu ya mapato ghafi, hukoma pale mgodi unapokoma. Wataalamu walifunga mizigo wakaenda. Fundi cherehani, mama muuza mchele na wale vijana wawili hawakwenda. Hao ndio mji.

II. TUAMUE

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi tunaisema kwa kucheka, kana kwamba ni ya kumfukuza mgeni. Maana yake ni nzito zaidi. Anayepewa jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni. Amekuwa mtu wa nyumbani, ana sehemu katika kazi, na kwa hiyo ana sehemu katika chakula na katika shauri. Makosa ya mji wetu ni kwamba tumewapa wageni jembe, lakini shauri tumewanyima.

Tutazame mambo matatu.

Kwanza, mpangaji. Tunamwita mtu wa kupita, hata akiwa amekaa miaka kumi na mitano. Katika mkutano wa mtaa akisimama kusema juu ya taka au mfereji, husikika sauti ikimwuliza nyumba yake iko wapi. Lakini mkutano wa mtaa kwa sheria ni wa wakazi watu wazima, si wa wenye nyumba peke yao. Katika uchaguzi wa Serikali za Mitaa, kama ule wa Novemba 2024, anayetakiwa kujiandikisha ni mkazi mwenye miaka 18 au zaidi. Sheria haikuuliza hati ya kiwanja. Sisi ndio tunaoiuliza.

Pili, hofu. Sungusungu ilizaliwa katika nchi hizi za Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Nguvu yake kijijini ilikuwa kwamba kila mtu anajulikana, baba yake anajulikana, na neno lake linapimwa na wanaomjua. Tukiichukua desturi hiyo na kuileta katika mtaa ambao nusu ya watu hawajulikani, hugeuka: asiyejulikana huwa mwizi kabla ya kuulizwa. Ndivyo kijana hupigwa mawe kwa kelele ya mtu mmoja. Tusisahau pia jinsi imani za kishirikina juu ya utajiri zilivyowaua ndugu zetu wenye ualbino katika kanda hii, hasa tangu mwaka 2007. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitoa hapahapa Kahama hukumu kwa wauaji wa mtoto mmoja wa Bukombe. Mtoto huyo hakuwa mgeni. Alikuwa mwenyeji aliyetazamwa kama kitu. Dhambi ni ileile: kukataa kumjua mtu.

Tatu, mwenyeji. Haki haina upande mmoja. Pembezoni mwa mji, Mwendakulima, Mhungula na kwingineko, mashamba yamegeuka viwanja. Mzee anauza ekari kwa fedha ya pikipiki. Pikipiki inachakaa, naye anakuwa kibarua katika ardhi iliyokuwa yake. Anapomchukia mgeni, tumwelewe, lakini tumwoneshe pia mahali ulipo mlango wa haki yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa miliki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati. Ardhi ikitwaliwa, fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ni wangapi katika jumuiya zetu wanaolijua hilo kabla ya kutia kidole gumba?

III. TUTENDE

Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilitufundisha kuliona Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Familia huanza kwa kujuana. Hutokea katika mji wetu mtu akafariki chumbani, na majirani wasijue kwao ni wapi wala ndugu yake ni nani. Simu yake imefungwa kwa namba ya siri. Maiti inangoja. Wanaolia ni watu waliochota maji naye katika bomba moja miaka sita. Hilo si kosa la serikali wala la kampuni. Hilo ni letu, na dawa yake haihitaji mfadhili.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kila Jumuiya Ndogo iwe na daftari la majirani, Wakristo na wasio Wakristo, kwa hiari yao: jina, alikotoka, na mtu wa kuarifiwa. Jumuiya isikutane daima katika nyumba ya mwenye nyumba. Ikutane pia katika chumba cha mpangaji, hata kama wengine watakaa nje kwenye mkeka. Kiongozi wa jumuiya ahudhurie mkutano wa mtaa na aende na jirani mpangaji, si peke yake. Katika misiba na ulinzi wa mtaa tushirikiane na Waislamu na madhehebu mengine. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walitoa pamoja taarifa juu ya mapato ya dhahabu ya nchi hii. Ikiwa wakubwa wetu waliweza kukaa meza moja kwa ajili ya dhahabu, sisi tunaweza kukaa mkeka mmoja kwa ajili ya jirani.

Ndugu wapendwa, dhahabu ina mwisho wake, Buzwagi imetuonyesha. Watu waliokuja kwa ajili yake wamebaki, nao wanazaa watoto ambao hawajui kwao kwingine ila Kahama. Tukiwaita watoto hao wageni, tutakuwa tumebaki na mji usio na wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Taja majina ya watu wanaokaa katika nyumba iliyo jirani na yako. Ni wangapi usiowajua?

2. Katika mkutano wa mwisho wa mtaa wenu, mpangaji gani alisema neno? Alisikilizwa?

3. Je, yupo katika jumuiya mtu aliyeuza au kutwaliwa ardhi bila kujua haki yake? Tunaweza kumsindikiza wapi?

4. Mtu akipigiwa kelele ya mwizi usiku katika mtaa wetu, sisi tutasimama wapi?